Historia ya Datsun katika Mbio za Safari

Anayesimama Ruharo, magharibi mwa mji wa Mbarara kwenye barabara ya kwenda Bushenyi na Kasese, haoni ajabu kwamba karibu kila gari linalopita limetengenezwa Japani. Teksi za abiria 14, pikapu za maziwa, malori madogo ya matoke, yote yana majina ya Toyota, Nissan, Isuzu na Mitsubishi. Ni hivyo hivyo kwa magari yanayobeba unga, sabuni na mafuta ya kupikia kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro.

Haikuwa hivyo miaka 60 iliyopita. Wakati Uganda inapata uhuru mwaka 1962, barabara za Afrika Mashariki zilikuwa za Peugeot, Volkswagen, Ford, Mercedes na Land Rover. Gari la Kijapani lilikuwa geni, na wengi walidhani haliwezi vumbi na tope la huku. Sababu za mabadiliko hayo ni nyingi, zikiwemo bei na upatikanaji wa vipuri. Lakini mtihani ambao watu waliushuhudia kwa macho yao ulikuwa mmoja, nao ni Mbio za Safari. Timu ya kwanza ya Kijapani kuufaulu ilikuwa ya kampuni ya Nissan, ambayo magari yake yalijulikana kwa jina la Datsun.

Mbio za Safari zilikuwaje

Mbio hizi zilianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia mwaka 1960 ziliitwa East African Safari, na katikati ya miaka ya 1970 zikapewa jina la Safari Rally.

Wakati huo hazikuwa mbio za kuzunguka uwanja, wala za vipande vifupi vilivyofungwa kama ilivyo leo. Madereva walikwenda kilomita zinazokaribia 5,000 wakati wa sikukuu ya Pasaka, mchana na usiku, katika barabara za kawaida ambazo mabasi, malori, baiskeli na ng'ombe waliendelea kuzitumia. Kila kituo cha ukaguzi kilikuwa na muda wake wa kufika, na aliyechelewa alipewa pointi za adhabu kwa kila dakika. Mshindi alikuwa mwenye adhabu ndogo kuliko wote.

Kwa maneno mengine, ilikuwa ni kazi ambayo kila msafirishaji anaijua: kufika na gari zima, kwa muda uliopangwa, kwa njia isiyotabirika. Pasaka huangukia majira ya mvua za masika. Mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoondoka ni 7 tu yaliyomaliza. Mwaka 1968 pia yalimaliza 7.

Mwanzo mgumu, 1958 hadi 1966

Nissan ilijifunza mbio za masafa marefu huko Australia. Mwaka 1958 ilipeleka magari mawili madogo ya Datsun 210 katika mashindano ya kuzunguka bara hilo, chini ya uongozi wa Yasuharu Nanba. Moja kati ya hayo, lililopewa jina la Fuji, likashinda katika daraja lake.

Mwaka 1963 kampuni ikaja Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza, na magari ya Bluebird na Cedric. Hakuna hata moja lililomaliza. Mwaka huo ushindi ulikwenda kwa Peugeot 404, gari ambalo lilishinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968.

Kampuni nyingine ingeweza kufunga mizigo na kwenda zake. Nissan ilirudi mwaka hadi mwaka. Ilitazama kilichovunjika, ikaimarisha, ikarudi tena. Jambo muhimu zaidi ni kwamba ilitegemea madereva wa hapa, watu waliojua jinsi mto unavyojaa usiku na jinsi udongo mweusi unavyoshika magurudumu. Mwaka 1966 Bluebird ikashinda katika daraja lake la ukubwa wa injini. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Kijapani katika Safari.

Nchini Japani habari hizi zilipata umaarufu mkubwa. Mwaka 1969 ilitolewa filamu iliyohusu mbio hizo na timu ya Nissan, mwigizaji mkuu akiwa Yujiro Ishihara, mmoja wa nyota wakubwa wa sinema wa nchi hiyo.

Ushindi wa 1970 na 1971

Mwaka 1970 mbio zilianzia Kampala. Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, pamoja na msoma ramani wake Hans Schüller, walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Gari hilo lilikuwa la familia la milango minne, lenye injini ya lita 1.6. Tofauti na magari mengi ya bei yake, lilikuwa na springi za nyuma zinazojitegemea, yaani gurudumu moja likiingia shimoni lingine haliyumbi. Mwaka huo Datsun ilichukua pia tuzo ya timu.

Mwaka 1971 Herrmann na Schüller walishinda tena, safari hii kwa Datsun 240Z, gari la michezo lenye milango miwili na injini ya silinda 6 ya lita 2.4. Wa pili, naye akiwa na 240Z, alikuwa kijana wa Uganda aliyeitwa Shekhar Mehta.

Shekhar Mehta na mwaka 1972

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia tajiri ya Wahindi wenye mashamba. Alianza mashindano ya magari akiwa bado kijana. Agosti 1972 Rais Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90 kuondoka. Maduka, viwanda, mashamba na gereji zikabaki bila wenyewe, Mbarara ikiwa miongoni mwa miji iliyoathirika. Familia ya Mehta nayo ikaondoka, naye akahamia Kenya.

Muda wa siku 90 ulikwisha Novemba 1972. Miezi 5 baadaye, katika Pasaka ya Aprili 1973, Mehta alishinda Mbio za Safari kwa Datsun 240Z, msoma ramani wake akiwa Lofty Drews. Mwaka huo ndio wa kwanza wa Ubingwa wa Dunia wa mbio za aina hiyo, na Safari ilihesabiwa ndani yake.

Ushindi wenyewe ulikuwa wa kubanana. Mehta na Harry Källström wa Sweden, ambaye pia aliendesha Datsun, walimaliza wakiwa na pointi sawa za adhabu. Ushindi alipewa Mehta kwa sababu alikwenda umbali mrefu zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza.

Uganda ilikuwa imempoteza dereva. Timu ya Kijapani ilibaki naye.

Ushindi minne mfululizo, 1979 hadi 1982

Katikati ya miaka ya 1970 Datsun ilipitwa na wenzake. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekwisha kushinda mwaka 1965 kwa Volvo, aliipa Mitsubishi ushindi mwaka 1974 na 1976 kwa gari dogo la Lancer. Mwaka 1976 Mitsubishi ilishika nafasi zote 3 za juu.

Datsun ilirudi mwaka 1979 na gari la 160J, ambalo kwingine liliitwa Violet. Lilikuwa na umbo la kawaida kabisa na injini ya silinda 4 ya lita 2. Mpinzani mkuu mwaka huo alikuwa Mercedes 450 SLC ya silinda 8 na lita 5, pamoja na fedha nyingi za kiwanda. Mehta na Mike Doughty wakashinda, na Hannu Mikkola wa Finland akawa wa pili kwa Mercedes.

Mehta na Doughty walishinda tena mwaka 1980, 1981 na 1982, mwaka huo wa mwisho wakimwacha nyuma Walter Röhrl wa Ujerumani na Opel yake. Jumla ni ushindi mara 5, wote kwa gari la Datsun.

Mwaka 1987 Mehta alipata ajali mbaya katika mbio za jangwani nchini Misri, na maisha yake ya ushindani yakaishia hapo. Baadaye aliingia katika uongozi wa mchezo huo ndani ya shirikisho la kimataifa la FIA. Alifariki London mwaka 2006.

Baada ya Datsun

Kuanzia mwaka 1981 Nissan ilianza kuliondoa jina la Datsun sokoni na kutumia jina lake yenyewe. Mwaka 1984 ilianzisha tawi maalum la mbio, Nismo, na rais wake wa kwanza akawa Nanba yule yule wa Australia. Katika Safari ya 1988 magari ya Nissan 200SX yalishika nafasi ya pili na ya tatu, lakini ushindi haukurudi tena. Kampuni ilijitoa katika Ubingwa wa Dunia mwishoni mwa mwaka 1992.

Nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa na Toyota. Timu hiyo iliongozwa na Ove Andersson wa Sweden, ambaye yeye mwenyewe alishinda Safari ya 1975 kwa Peugeot. Mwaka 1995 Yoshio Fujimoto akawa dereva wa kwanza Mjapani kushinda, akiwa na Toyota Celica. Safari iliondolewa katika Ubingwa wa Dunia baada ya mwaka 2002 na kurudi mwaka 2021, kituo chake kikiwa Naivasha.

Ushindi wa magari ya Kijapani katika Safari kwa ufupi:

- Datsun: 1970, 1971, 1973, 1979, 1980, 1981, 1982
- Mitsubishi: 1974, 1976, 1996, 1998, 2001
- Toyota: 1984, 1985, 1986, 1990, 1992, 1993, 1994, 1995, kisha kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025
- Subaru: 1997, 2000

Orodha hii ni ya mbio zilipokuwa za Afrika Mashariki nzima hadi 1972, na za Ubingwa wa Dunia tangu 1973, isipokuwa mwaka 1995 ambapo Safari haikuhesabiwa katika ubingwa huo.

Maana yake kwa wafanyabiashara na wasafirishaji

Jina zuri huuza, na wauzaji wa magari yaliyotumika wanalijua hilo. Hata hivyo ni vizuri kutenganisha sifa ya gari na hali ya gari lililo mbele ya mnunuzi.

Kwanza, gari la mbio halikuwa gari la dukani. Bodi iliongezwa nguvu, chini ya injini kuliwekwa bamba la chuma, shokamzoba zilibadilishwa, na mafundi wenye vipuri walisubiri njiani. Datsun haikushinda kwa sababu haikuharibika. Ilishinda kwa sababu kilichoharibika kilitengenezwa haraka na watu waliokuwa tayari. Msafirishaji wa Mbarara mwenye fundi mzuri na akiba ya vipuri anafanana zaidi na timu ile kuliko mwenye gari jipya asiye na fundi.

Pili, umri wa gari sasa ni suala la sheria. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, hairuhusu kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Kenya imeweka kikomo cha miaka 8. Gari linalopita Mombasa kwenda Uganda huhesabiwa kwa sheria ya Uganda, kwa hiyo nyaraka za usafirishaji kupitia nchi nyingine lazima ziwe sahihi tangu bandarini.

Tatu, upande wa usukani. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto kama Japani, na ndiyo maana magari yaliyotumika ya Kijapani yalipata soko rahisi hapa. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Anayefikiria kuuza gari ng'ambo ya Katuna, Mirama Hills au Mpondwe aulize masharti ya nchi husika kabla ya kulipa, si baada ya kufika mpakani.

La mwisho linahusu watu. Nissan ilileta gari na fedha, lakini njia ilionyeshwa na wakazi wa nchi hizi, na aliyeipa ushindi mwingi kuliko wote alikuwa mtu aliyefukuzwa kwao. Alivuka mpaka bila mali aliyoiacha nyuma, ila ujuzi wake alivuka nao. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 Nakivale imepokea watu wa namna hiyo kutoka Rwanda, Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko, miongoni mwao madereva, mafundi na wafanyabiashara. Anayetafuta fundi wa injini au dereva anayeijua njia ya Goma au ya Bujumbura asiishie kuuliza katika gereji za mjini. Huenda anayemtafuta yuko Nakivale.