Maji Yaliyoshukiwa Kuzima Neva

Mwaka 1916, Vita Kuu ikiwa imepamba moto, madaktari watatu wa jeshi la Ufaransa walitoa taarifa ya askari wawili waliolegea viungo. Georges Guillain, Jean-Alexandre Barré na André Strohl waliyachunguza maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa hao, wakakuta kioja: protini tele, chembe nyeupe za damu chache mno. Ingekuwa homa ya uti wa mgongo, chembe zingefurika. Strohl ndiye aliyepima miitikio ya misuli kwa mashine. Hata hivyo ugonjwa ukaitwa Guillain-Barré, na yeye akaachwa kando bila sababu ya maana.

Ulemavu huo unaopanda kutoka miguuni ulikwisha kuelezwa na Jean Landry mwaka 1859. Maji yenyewe hakuyapima, kwani njia ya kuyatoa kwa sindano ilienezwa na Heinrich Quincke mnamo 1891.

Hapo likazuka swali lililowasumbua watafiti kwa miongo mingi. Protini hizo ni mabaki tu ya uharibifu, au ndani ya majimaji ya mwili mna kitu kinachozuia neva kupeleka ujumbe? Mwaka 1965 Murray Bornstein na Stanley Crain, wa New York, walichukua tishu za neva zilizokuzwa maabara, wakaziwekea seramu ya wagonjwa wa multipo sklerosisi, ugonjwa mwingine wa neva. Mawasiliano ya umeme yakazimika upesi. Seramu ilipoondolewa, yakarudi. Neva iliyokufa hairudi hivyo.

Basi msako ukaanza. Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani walitangaza kwamba wamemnasa mhusika katika maji ya uti wa mgongo: kipande cha protini chenye asidi amino 5 tu, kinachoziba vijia ambamo sodiamu huingilia neva. Habari tamu, tamu kupita kiasi. Kufikia 2003 maabara nyingine zilikijaribu kipande hicho, na vijia havikuzibika.

Matabibu hawakungoja jina la mhusika. Mwaka 1985 jaribio la Marekani lenye wagonjwa 245 wa Guillain-Barré lilionyesha kuwa waliobadilishiwa plazima ya damu walirudi kutembea mapema zaidi. Mwaka 1992 Waholanzi wakaonyesha kwamba kingamwili kutoka kwa wachangia damu, zikitiwa mshipani, hazipitwi na tiba hiyo, na hazihitaji mashine ya kuchuja damu.