Kahawa Nne, Kaunti Mbili, Mbunge Mmoja

Mimi ni wa Kahawa Sukari. Mgeni akiniuliza naishi wapi nikamjibu tu "Kahawa", hapo shida inaanza. Kuna Kahawa West, kuna Kahawa Wendani, kuna Kahawa yenyewe isiyo na jina la pili, halafu kuna sisi wa Sukari. Zote nne ni wadi kamili kwenye ramani ya uchaguzi. Kahawa na Kahawa West ziko eneo bunge la Roysambu, Kaunti ya Nairobi. Wendani na Sukari ziko eneo bunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Yaani tunapanda matatu moja asubuhi, tunakwama kwa jam moja, lakini tuna magavana wawili tofauti.

Na si sisi peke yetu. Githurai 44 ni Nairobi, Githurai 45 ni Kiambu, na majina yenyewe yalitoka kwa namba za basi. Mwiki nayo ni wadi mara mbili: moja iko Kasarani, nyingine iko Ruiru. Nilipokuwa mdogo nilidhani huu mpaka umewekwa na Mungu. Kumbe ni watu waliketi na kalamu, na wameketi mara kadhaa.

Huku kote kulikuwa mashamba makubwa. Ndiyo maana jina Kahawa limejaa hivi, na ndiyo maana kuna aina ya kahawa inayoitwa Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na kituo cha utafiti kilichoko hapo Ruiru. Mwaka 1963 mpaka wa Nairobi ulisukumwa nje ukameza mashamba mengi, lakini upande wetu ukabaki Kiambu. Kwa mchora ramani wa wakati huo, hii ilikuwa mibuni na vichaka tu. Nani angefikiria siku moja kutakuwa na nyumba za ghorofa saba zinaangaliana dirisha kwa dirisha?

Kwa miaka mingi tulikuwa chini ya Juja. Na Juja hiyo ya zamani haikuwa mchezo: ilishika Thika mjini, Juja yenyewe na Ruiru yote mpaka huku kwetu. Wazee wa siasa bado wanazungumzia ule uchaguzi wa 2007. George Thuo alitangazwa mshindi, mahakama ikafuta matokeo, na Septemba 2010 William Kabogo akashinda uchaguzi mdogo. Miaka mitatu baadaye akawa gavana wa kwanza wa Kiambu.

Mwezi mmoja kabla ya huo uchaguzi mdogo, Kenya ilikuwa imepata katiba mpya, na hapo ndipo hadithi yetu inageuka. Kifungu cha 89 kilisema maeneo bunge yatakuwa 290, kutoka 210 yaliyokuwepo tangu 1997. Tume ya Ligale ilikuwa imeshapendekeza mipaka ya yale 80 mapya, ikatukanwa na wanasiasa kutoka kila upande, kisha IEBC ikamalizia kazi Machi 2012. Juja ikapasuliwa mara tatu: Thika Town, Juja, Ruiru. Mwaka 2013 Ruiru ikamchagua mbunge wake wa kwanza, Esther Gathogo.

Sasa angalia hizi tarehe vizuri, manze, kwa sababu nadhani ndizo zilizotumaliza. Hesabu iliyotumika kuchora ilikuwa ya sensa ya 2009. Ramani ilikamilika Machi 2012. Thika Road mpya, ile ya leni nane, Rais Kibaki aliifungua rasmi Novemba 2012. Yaani walitupima, wakatukata nguo, halafu ndiyo tukaanza kunenepa. Barabara ilipofunguka, mtu wa kazi ya tauni aliona anaweza kulala Wendani, Sukari au Mwihoko na bado afike mapema. Mashamba yakawa ploti, ploti zikawa fleti.

Sensa ya 2019 ilipata watu 371,111 Ruiru. Wakenya wote walikuwa 47,564,296. Gawanya kwa 290 upate wastani wa watu kama 164,000 kwa kila eneo bunge. Katiba inaruhusu kupita au kupungukiwa na wastani huo kwa asilimia 30, na asilimia 40 kwa miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache. Hata ukitupatia hiyo 40, kikomo ni karibu 230,000. Sisi tumevuka kitambo.

Kule Lamu Mashariki sensa hiyo hiyo ilihesabu watu 22,258. Mbunge mmoja, kama sisi. Pesa za NG-CDF, zile zinazojenga madarasa na kulipa basari, kwa sehemu kubwa hugawanywa kwa usawa kati ya maeneo bunge, si kwa idadi ya vichwa. Kwa hivyo mwanafunzi wa Mwihoko anapanga foleni ya basari na watu mara 16 zaidi ya mwenzake wa Faza.

Hapa ndipo najua wengine mtanikasirikia. Sitaki Lamu wanyang'anywe. Kutoka kisiwa kimoja hadi kingine ni boti na pesa ya mafuta, na mbunge wa watu 200,000 angewaona mara ngapi? Mwaka 2012 maeneo bunge 27 yasiyofikisha idadi yalilindwa na katiba yenyewe, lakini kinga hiyo ilikuwa ya mapitio yale ya kwanza tu. Na kwa sababu 290 imeandikwa kwenye katiba, Ruiru ikipata kiti kingine, lazima mahali fulani kiti kife. Mswada wa BBI ulijaribu njia ya mkato: viti vipya 70, sita vikiwa vya Kiambu. Machi 2022 Mahakama ya Juu ilikataa orodha hiyo kwa sababu wananchi hawakuwa wamehusishwa. Nilikasirika siku hiyo. Leo naona walikuwa sawa, maana hakuna mtu aliwahi kuja Sukari kutuuliza.

Mexico wana maeneo ya uchaguzi wa bunge 300, karibu sawa na yetu. Walihesabu watu 2020, tume yao ikachora upya, wakapiga kura ya 2024 kwa ramani mpya. Katiba yetu inataka mapitio kila baada ya miaka minane hadi 12. Miaka 12 iliisha Machi 2024, na wakati huo IEBC haikuwa na kamishna hata mmoja. Wapya waliapishwa Julai 2025. Na mipaka mipya isipokamilika miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, haitumiki kwa uchaguzi huo. Agosti 2027, toa mwaka mmoja, fanya hesabu mwenyewe.

Mimi ningekata hivi: Biashara, Gitothua na Gatong'ora wabaki Ruiru. Kiuu, Mwiki, Mwihoko, Wendani na Sukari tupewe letu. Jina ndilo litatugonganisha. Wa Githurai watataka Githurai, na sisi tutataka Kahawa, ya tano.