Lenzi ya Ridley na Macho Yaliyoilipia

Waliokuwa watu wazima miaka ya 1970 na 1980 wanawakumbuka wazee waliopasuliwa mtoto wa jicho kwa miwani yao. Ilikuwa minene, mizito puani, na macho nyuma yake yalionekana makubwa kupita kiasi. Daktari aliondoa lenzi ya jicho iliyogeuka ukungu, na mahali pake hakuweka kitu. Kazi yote ya lenzi ikaachiwa miwani ya nguvu ya dayopta 10 hivi. Miwani hiyo ilikuza vitu kwa karibu robo ya ukubwa wake, ikaleta ngazi karibu kuliko ilipo, ikafuta vilivyo pembeni. Aliyepasuliwa jicho moja huku la pili likiwa zima alipata picha mbili za ukubwa tofauti, ambazo ubongo haukuweza kuziunganisha. Na miwani ikivunjika shambani, mzee alirudi kwenye uoni hafifu siku hiyo hiyo, ingawa kwenye faili la hospitali upasuaji wake ulikuwa umefanikiwa.

Siwalaumu madaktari wa wakati huo. Hospitali kama Mvumi, mkoani Dodoma, ambako daktari wa macho Allen Foster alifanya kazi kati ya 1975 na 1985, zilihudumia watu ambao bila hizo wasingehudumiwa na yeyote. Lakini lenzi ya kuwekwa ndani ya jicho ilikuwa imeshabuniwa London tangu 1949. Kwa nini ilichukua zaidi ya miaka 40 kuwafikia wakulima wa kwetu kwa wingi? Bei ni sehemu ya jibu. Sehemu nyingine ni kwamba kwa muda mrefu lenzi yenyewe iliharibu macho mengi, na waliokuwa na mashaka nayo walikuwa na sababu.

Kabla ya lenzi, binadamu alipambana na mtoto wa jicho kwa sindano. Maandishi ya kale ya India, yanayohusishwa na Sushruta, yanaeleza jinsi ya kutoboa jicho na kuisukuma lenzi yenye ukungu iangukie chini, mwanga upate njia. Mgonjwa aliona mara moja, na hapo ndipo ulipokuwa mtego. Lenzi iliyoangushwa ilibaki ndani ya jicho, na mara nyingi siku au miezi iliyofuata ilileta uvimbe, presha ya jicho au usaha, kisha upofu usiotibika. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Ammar ibn Ali, mzaliwa wa Mosul aliyefanya kazi Misri enzi za Khalifa al-Hakim, aliandika jinsi ya kuifyonza lenzi laini kwa sindano yenye tundu. Wazo lilikuwa sahihi, ila vifaa vya kulitekeleza kwa usalama havikuwapo. Mwaka 1750, mjini Leipzig, tabibu wa kuzunguka aitwaye John Taylor alimfanyia mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach upasuaji wa macho mara mbili. Bach hakupata kuona, na Julai mwaka huo huo alifariki. Njia ya kusukuma lenzi kwa sindano haijafa: waganga wa kuzunguka katika baadhi ya nchi za Afrika Magharibi wanaitumia hadi leo, na hospitali za huko zinaendelea kupokea macho yaliyoharibiwa nayo.

Mfaransa Jacques Daviel ndiye aliyeanza, mwaka 1747, kufungua jicho na kuitoa lenzi nje kwa mpango maalumu. Mwaka 1884 Karl Koller wa Vienna aligundua kwamba matone ya kokeini yanatia ganzi jicho. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walishikiliwa tu. Baada ya hapo upasuaji ukavumilika, ukaenea, lakini matokeo yake yalibaki yale yale: jicho lisilo na lenzi, na miwani minene.

Tarehe 15 Agosti 1940, katika vita vya anga juu ya Uingereza, rubani Gordon Cleaver alipigwa risasi akiwa ndani ya ndege ya kivita aina ya Hurricane. Kifuniko cha chumba chake, kilichotengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo Perspex, kilipasuka na vipande vikamwingia machoni. Hakuwa amevaa miwani ya kinga. Alipasuliwa mara nyingi. Jicho moja likapofuka, la pili likabaki likiona, na ndani yake vilibaki vipande vidogo vya plastiki. Daktari Harold Ridley, aliyekuwa akimwangalia, aliona jambo ambalo wengine wangelipita: miezi ikaenda, miaka ikaenda, na vipande vile havikuleta uvimbe. Kwa namna fulani jicho lilikuwa limeikubali ile plastiki.

Ridley hakuwa daktari wa London tu. Wakati wa vita alipelekwa Ghana, iliyoitwa Gold Coast enzi hizo, na huko alichunguza upofu unaoletwa na usubi na kuuandikia utafiti unaoheshimika hadi sasa. Alikuwa ameona kwa macho yake upofu unavyokiumiza kijiji. Aliporudi, mwanafunzi mmoja wa udaktari aliyemtazama akitoa mtoto wa jicho alisikitika kwamba lenzi inatolewa na hairudishwi nyingine. Ridley alikuwa amelifikiria jambo hilo kitambo. Akakutana na John Pike wa kampuni ya Rayner, watengenezaji wa vioo vya macho, na kampuni ya ICI ikatoa Perspex iliyosafishwa zaidi. Tarehe 29 Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas, alimpasua mwanamke wa miaka 45 kumwondolea mtoto wa jicho. Februari 1950 lenzi ikawekwa kwa kudumu.

Mama yule alipata nini? Lenzi ilikaa vizuri, lakini nguvu yake ilikuwa imekadiriwa vibaya kabisa, na akaachwa na tatizo kubwa la kutoona mbali. Ninalitaja kwa makusudi. Siku hizi, kabla ya upasuaji, urefu wa jicho na mviringo wa konea (kioo cha mbele cha jicho) hupimwa kwa mashine ili kujua lenzi ya nguvu gani inafaa. Kipimo hicho kilitokana na makosa ya aina hiyo, na pasipokuwa na kipimo kosa linarudi.

Ridley alifanya kazi kwa siri hadi Julai 1951, alipoonyesha wagonjwa wake kwenye mkutano wa madaktari wa macho Oxford. Wakubwa wa fani walimkataa. Stewart Duke-Elder, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote Uingereza, hakutaka hata kuwatazama wagonjwa wale. Hoja ya wapinzani ilieleweka: daktari wa macho hufunzwa kutoa kitu kigeni jichoni, na huyu alikuwa anakiingiza. Kukataa kutazama wagonjwa kulikuwa dhuluma, na Ridley aliumia nayo kwa miaka mingi. Lakini hofu yenyewe ilikuwa na msingi. Lenzi zake za kwanza zilikuwa nzito, zaidi ya miligramu 100 kila moja, na baadhi zilichomoka na kudondoka nyuma ya jicho. Dawa ya kusafishia iliyobaki juu ya lenzi iliwasha jicho na kulivimbisha. Wengine walipata presha ya jicho. Sehemu isiyopuuzika ya lenzi alizopandikiza ililazimika kutolewa.

Waliofuata walijaribu kukwepa tatizo la kudondoka kwa kuiweka lenzi mbele ya mboni, karibu na konea. Hatari ikahama tu. Lenzi ikasugua konea kwa ndani, na miaka kadhaa baadaye konea ikawa na ukungu na maumivu. Cornelius Binkhorst wa Uholanzi akaibana lenzi kwenye mboni yenyewe. Mambo yakawa nafuu, lakini hayakutosha. Ilichukua hadi mwisho wa miaka ya 1970 fani kurudi pale pale alipoanzia Ridley: nyuma ya mboni, ndani ya kifuko chembamba kama utando wa kitunguu kinachobaki baada ya ukungu kutolewa. Tofauti ni kwamba sasa lenzi zilikuwa nyepesi, zenye vikono laini vya kuzishikilia, na madaktari walikuwa na hadubini ya upasuaji. Charles Kelman wa New York alikuwa ameshaonyesha, mwaka 1967, kwamba mtoto wa jicho unaweza kuvunjwa kwa mawimbi ya sauti na kufyonzwa kupitia tundu dogo. Wazo la Ammar wa Mosul likapata chombo chake.

Cleaver mwenyewe, yule rubani, alikuja kupata mtoto wa jicho katika jicho lake lililosalia, na mwaka 1987 akawekewa lenzi. Ridley pia alipandikizwa lenzi macho yote mawili, katika hospitali ile ile ya St Thomas. Mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 93, alipewa cheo cha Sir. Alifariki 2001.

Kwa Afrika na Asia, kikwazo kilichobaki kilikuwa bei. Lenzi moja ya Ulaya au Marekani iliuzwa zaidi ya dola 100. Fred Hollows, daktari aliyefanya kazi Australia, alifika Eritrea mwaka 1987, vita vya ukombozi vikiendelea, akakuta madaktari wakipasua watu ndani ya mahandaki. Aliamini watu wale wanaweza kutengeneza lenzi zao wenyewe. Alifariki Februari 1993, na mwaka uliofuata kiwanda cha lenzi kikafunguliwa Asmara. Nchini India, kampuni ya Aurolab ya hospitali za Aravind mjini Madurai ilikuwa imeanza tangu 1992, na lenzi zake zikauzwa kwa chini ya dola 10. Nchini Nepal, daktari Sanduk Ruit alikamilisha njia ya kutoa mtoto wa jicho kupitia mkato mdogo usiohitaji mshono wala mashine ya gharama. Ndiyo njia inayotumika zaidi katika hospitali zetu za Afrika Mashariki, na matokeo yake mikononi mwa daktari mzoefu hayapishani sana na yale ya mashine.

Leo upasuaji huu huchukua dakika chache, kwa ganzi tu, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Wengi mno huona vizuri. Hata hivyo hatari hazijaisha, na mgonjwa ana haki ya kuzijua kabla ya kutia sahihi. Ya kutisha zaidi ni maambukizi ndani ya jicho, ambayo hutokea kwa takriban mtu mmoja kati ya 1,000 na yanaweza kulimaliza jicho ndani ya siku chache. Kusafisha jicho kwa iodini kabla ya kuanza, na kuingiza dawa ya kuua vijidudu mwishoni, kumeipunguza sana hatari hiyo. Kifuko cha lenzi kinaweza kuchanika wakati wa upasuaji. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, inaweza kuvimba au kubanduka. Na kwa wengi, miezi au miaka baadaye, kifuko hicho huota ukungu na mtu hudhani mtoto wa jicho umerudi. Haujarudi, na ukungu huo huondolewa kwa leza bila kupasua tena. Jambo moja halisemwi vya kutosha: lenzi mpya haiponyi glakoma (presha ya jicho) wala retina iliyoharibiwa na kisukari. Mwenye maradhi hayo aambiwe mapema, asije akatoka akidhani amedhulumiwa.

Upande wa pili wa mizani uko wazi vilevile. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 94 wana upofu au uoni hafifu kwa sababu ya mtoto wa jicho. Barani Afrika wanawake ni wengi miongoni mwa waliopofuka na wachache miongoni mwa wanaopasuliwa, kwa kuwa nauli na ruhusa viko mikononi mwa wengine. Bibi anayeongozwa kwa fimbo na mjukuu amepoteza macho yake, na mjukuu amepoteza shule. Kusubiri mtoto wa jicho “uive”, kama wengi wanavyoshauriwa mitaani, ni mabaki ya enzi za miwani minene. Ukungu uliokomaa mno ni mgumu kuutoa, na ndio unaoongeza hatari.

Kwa hiyo, mpeleke mzee wako hospitali yenye huduma ya macho mapema. Uliza kama jicho litapimwa ili kupata nguvu ya lenzi. Uliza kama presha ya jicho na retina vimekaguliwa. Na baada ya upasuaji, akiona maumivu yanazidi, jicho linakuwa jekundu, au kuona kunapungua badala ya kuongezeka, asingoje tarehe ya kliniki: arudi siku hiyo hiyo.