Kihoro katika Mwambao wa Mweru

Msomaji wa pwani akilisikia jina la Kilwa, fikira zake huiendea Kilwa Kisiwani, misikiti yake ya matumbawe na masultani wake waliopiga sarafu, na ni nadra kukumbuka kwamba mbali ndani ya bara, katika Ziwa Mweru, kiko kisiwa kingine chenye jina hilo hilo, ambacho mkataba wa mwaka 1894 baina ya Waingereza na dola ya Kongo ya Mfalme Leopold ulikitia upande ambao leo ni Zambia, ilhali mtu akisimama juu yake huiona ardhi ya Kongo karibu zaidi kuliko mji wa Nchelenge ulio ufukweni mwa Zambia. Ya wafalme na meno ya tembo ya kisiwa hicho yamekwisha kuandikwa. Haja yangu ni kusema mintarafu ya maradhi yasiyo na jeraha wala homa, ambayo watu wa ziwa hilo wameyajua tangu kale, na jinsi walivyotendewa wenye kuyaugua.

Wazee wetu walikuwa na neno kihoro. Si huzuni tu, kwani huzuni huja ikapita. Kihoro ni ile ghamu inayomwingia mtu aliyepotewa na kitu alichokipenda, akakikataa chakula, akawakimbia watu, akakonda na kunyauka, hata majirani wakasema fulani atakufa kwa kihoro, na aghalabu wasikosee. Matabibu wa siku hizi husema sonona, nami sina ugomvi nao. Walakini sonona ni jina la ugonjwa, na kihoro ni jina lenye swali ndani yake, maana ukilisikia huna budi kuuliza: amepotewa na nini?

Katika bonde la mto Luapula, unaoingia ziwani humo, swali hilo liliulizwa mapema. Masimulizi ya Walunda, yaliyotiwa katika kitabu cha Kibemba cha Mwata Kazembe wa 14, *Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi*, yanamtaja Nachituti, dada yake Nkuba, mtawala wa Washila waliolimiliki ziwa kabla ya Walunda kuja. Nkuba alimwua mwana wa dada yake, na ngozi ya marehemu akaificha chini ya mkeka, mama mtu akaketi juu yake pasi na kujua. Alipojua hakunyamaza, bali alikwenda kwa Kazembe wa zama hizo, mtawala wa Walunda, akilia, na Kazembe akamwua Nkuba. Ndipo Nachituti akamletea kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa lake. Wanahistoria hukisoma kisa hiki kama hati ya umiliki, na ndivyo kilivyo. Mimi hustaajabu zaidi kwamba haki ya utawala mzima iliegemezwa juu ya machozi ya mama mmoja aliyepata wa kumsikiliza. Kwamba dawa aliyopewa ilikuwa damu ya ndugu yake, hilo ni jambo jingine, wala sitaki kulipamba.

Waliofuata hawakupata wa kuwasikiliza. David Livingstone aliufikia Mweru mwezi wa Novemba 1867, na katika daftari za safari yake ya mwisho, zilizochapwa mwaka 1874 yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa, aliandika juu ya ugonjwa alioona kuwa wa ajabu kupita yote ya nchi hizi: kuvunjika moyo. Walioupata ni watu huru waliotekwa katika nchi ya Warua, magharibi ya ziwa, na kuchukuliwa na msafara wa Said bin Habib, mfanyabiashara wa watumwa. Walivumilia minyororo muda wote wa kuiona nchi yao. Lakini walipovushwa mto Lualaba, wakaona maji mapana yamelala kati yao na kwao, walikata tamaa, na wanane, pamoja na wengine wengi, wakafa kwa siku tatu. Wenye mali walishangaa, kwa kuwa watumwa hao walikuwa na chakula cha kutosha na hawana kazi. Walipoulizwa panapouma, waliweka mkono juu ya moyo, tena mahali penyewe hasa. Miongoni mwa wenye mali hao walikuwamo watu wa pwani, wasemao lugha hii ninayoiandika, wenye neno kihoro kinywani, nao hawakulitumia.

Kwa maradhi ya nyumbani walikuwako ng'anga, yaani waganga, na ngoma za ngulu, pepo wa maporomoko na mabwawa ambao humpanda mtu kama pepo wa Unguja na Mombasa wanavyompanda kiti wao. Mgonjwa aliyejifungia kimya miezi mizima alitolewa katikati ya watu, akapigiwa ngoma usiku kucha, akaulizwa, na kilichosema kwa ulimi wake kilisikilizwa kwa adabu, hata kama kilimlaumu mume au mjomba mtu. Sisemi ngoma iliponya kila kitu. Mwenye wazimu wa kupiga watu, ambaye Wabemba humwita ishilu, aliweza kufungwa kamba na kuachwa hivyo, na ngoma haikumfaa. Ila mwenye kupungwa alipungwa akiwa kwao.

Serikali ya kikoloni ilipokuja iligeuza kanuni hiyo ya kumtibu mgonjwa akiwa kwao, na jambo la kwanza lililoigeuza lilikuwa ugonjwa wa malale. Malale huanza na homa. Kisha vijidudu vikiingia ubongoni, mtu hubadilika tabia, husinzia mchana na kukesha usiku, huropoka, na jamaa zake huona amepandwa. Katika miaka ya 1908 hadi 1910 hivi, wakubwa wa serikali waliwaondoa watu wa Luapula na mwambao wa Mweru, wakawapeleka mbali na mbung'o, yaani mbali na maji, samaki na makaburi. Ilikuwa tiba yenye hoja, kwani malale yanaua. Kihoro hakikuhesabiwa.

Ama mwenye wazimu, safari yake ilikuwa ndefu zaidi. Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, haikuwa na hospitali yake kubwa ya akili, hivyo aliyeonekana hatari alipitishwa mbele ya hakimu, na akihukumiwa kuwa mwendawazimu aliweza kupelekwa Ingutsheni, karibu na Bulawayo, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1908. Mfikirie mvuvi wa Kilwa: mtumbwi hadi Nchelenge, barabara hadi Fort Rosebery, ambayo leo ni Mansa, kisha reli, na usiku mmoja gari moshi linavuka Zambezi juu ya daraja la mwaka 1905, naye anashuka katika mji ambao lugha yake haijulikani, seuze pepo zake. Ikawa maji yako kati yake na kwao mara ya pili. Sheria ya mwaka 1949 iliwagawa wagonjwa kwa majina ambayo kwa lugha yetu ni juha na punguani, na majina hayo yalibaki kitabuni hata baada ya uhuru wa 1964.

Hospitali ya akili ya Chainama Hills ilifunguliwa Lusaka mwaka 1962, na chuo chake kikawafundisha waganga wa akili wa kwenda wilayani. Hata hivyo Lusaka ni kilomita zipatazo 1,000 kutoka Nchelenge. Mahakama Kuu ya Zambia ilikibatilisha kifungu cha majina yale mwaka 2017, na sheria mpya ya afya ya akili ikapitishwa 2019. Kwetu Kenya, mahakama ilitamka mwezi wa Januari 2025 kwamba kumshitaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Tanzania ingali inamhesabu mkosaji.

Kazi iliyobaki ni ya ufukweni, nayo ugumu wake ni ulimi. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, nyavu zikaning'inia, na mwanamume aliyezoea kulala ziwani hukaa nyumbani akiwa na deni na kimya chake. Jirani humwona, akaogopa kumwuliza kama amewaza kujiua, akidhani kulitaja jambo ni kuliita. Sivyo, utafiti umeonyesha mara nyingi kwamba swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na mara nyingi humpunguzia mzigo wa kulibeba peke yake, hata akakubali kusindikizwa hospitali ya Mtakatifu Paulo pale Kashikishi. Mhudumu wa afya wa kijiji akiwafundisha watu hilo moja tu, amefanya kazi ya mwaka.

Tangu mwaka 2017 ziwa limeleta wengine. Wakongo waliokimbia vita walipokelewa katika kambi ya Kenani, kisha wakapewa viwanja Mantapala, humo humo wilayani Nchelenge, na wengi wao husema Kiswahili. Mganga aliyesoma Chainama akimwuliza mmoja wao ana ugonjwa gani, hatapata neno sonona wala kihoro. Ataambiwa "mawazo mingi", basi; na akizidi kuuliza ni wapi hasa panapouma, mkono utakwenda kifuani.