Anza na Miguu

Punda wa koko anaitwa Fuso kwa sababu hajawahi kukataa mzigo. Kila asubuhi, huko Oldonyo Sambu, anashuka na madumu matupu na kupanda na madumu manne ya lita 20 yaliyojaa maji. Hiyo ni kilo 80 bila kuhesabu kamba.

Desemba iliyopita nilifika nyumbani kutoka chuoni nikamkuta amesimama kivulini, mguu wa mbele wa kushoto ameutanguliza kidogo, hataki kuulalia. Koko alisema ameingiwa na kiburi. Juzi yake alikuwa amempiga teke jirani aliyemfungia mzigo.

"Si unajua," akaniambia, "fadhila ya punda ni mateke."

Niliangalia kwato zake. Zilikuwa ndefu, ncha zimeanza kujikunja kwenda juu, na ule wa kushoto ulikuwa umelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu cha mtembea kwa miguu. Niliona aibu. Kwa miezi minane nilikuwa nikiandika tasnifu ya shahada ya umahiri kuhusu farasi wa Vita vya Kwanza vya Dunia kaskazini mwa Tanzania. Nilikuwa na kurasa 40 juu ya miguu ya farasi waliokufa zamani, na punda wa nyumbani alikuwa anachechemea bila mimi kujua.

Tuanze na pundamilia. Wajerumani walijenga boma la Arusha mwaka 1900, kwa nguvu za Waarusha na Wameru walioshurutishwa, na tatizo lao kubwa lilikuwa usafiri. Farasi hakuwa mnyama wa huku. Usubi walimletea ugonjwa wa farasi, na mbung'o walimletea nagana. Basi walowezi wakajaribu kuwakamata na kuwafuga pundamilia wa mbuga zilizo kati ya Kilimanjaro na Meru, wakitumaini kupata mnyama wa kazi ambaye nchi hii haitamuua. Jaribio hilo halikufika mbali. Makaburu waliokuja kukaa pembeni mwa Meru kuanzia 1904 walitegemea zaidi magari ya kukokotwa na ng'ombe.

Lakini kwato za pundamilia zina somo. Hazikatwi na mtu, na haziwi ndefu. Anatembea mbali juu ya ardhi ngumu, na kinachoota ndicho kinacholika. Ukimfunga mnyama kamba, ukamlisha na kumpangia njia na mzigo, unavunja hesabu hiyo. Kuanzia siku hiyo kazi ya ardhi inakuwa yako. Ukwato wa farasi huota karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo kila wiki sita hadi nane lazima mtu aje na kisu na tupa. Xenophon, Mgiriki aliyeandika kuhusu farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alishauri anayenunua farasi aanze kukagua miguu.

Majeshi yalilijua hilo vizuri. Machi 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jan Smuts yaliuteka mji wa Arusha. Mwanzoni mwa Aprili, Jaap van Deventer aliondoka mjini na kikosi cha wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, wakapigana Lolkisale, wakaendelea kusini hadi Kondoa Irangi, zaidi ya kilomita 200. Vikosi vya farasi vilikuwa na mafundi wao wa kwato, watu wenye cheo kamili cha kijeshi. Kiatu cha chuma kilivuliwa, ukwato ukakatwa, ukasawazishwa, kiatu kikapigiliwa tena. Haya yote niliyaandika kwa furaha, maana jeshi linaloheshimu kwato huacha karatasi nyingi.

Kisha masika yakafunguka. Farasi walikufa kwa wingi, magari yakazama kwenye tope, na chakula cha Kondoa kikaanza kusafiri juu ya vichwa vya watu.

Hapo ndipo msimamizi wangu aliandika pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu nyekundu, swali moja: "Na wapagazi walivaa nini?"

Swali hilo nililikwepa kwa miezi miwili. Wengi wao walitembea peku. Walipita kwenye miiba, tope na funza, mdudu aliyeingia Afrika kutoka Amerika katika karne ya 19 na kuwala watu vidole vya miguu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, makadirio ya wanahistoria kuhusu wapagazi waliokufa yanakaribia 100,000, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Dar es Salaam tunalitamka jina la kikosi chao kila siku tunapokwenda sokoni Kariakoo, bila kuwakumbuka. Na mimi nilikuwa nimewaruka kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kumfuata farasi.

Fundi wa kwato alikuja Jumamosi. Nilitegemea mzee, akaja kijana wa rika langu, na begi la shule mgongoni.

"Takwenya, koko."

"Iko."

Hakumgusa Fuso kwanza. Aliniambia nimtembeze kwenye ardhi tambarare, naye akachuchumaa kuangalia kila ukwato unavyotua. Wa kushoto ulitua upande wa nje kwanza, kisha ukaangukia ndani. "Huyu hana kiburi," akasema. "Kila hatua inamuuma. Na wewe ungepiga teke."

Alinionyesha. Mstari wa mbele wa ukwato unatakiwa ufuate mlalo ule ule wa kifundo kilicho juu yake. Ncha ikiwa ndefu, mstari unavunjika na kano ya nyuma inavutika. Upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, uzito unapotoka na kupanda hadi kwenye goti na bega. Ukwato wa punda umesimama zaidi kuliko wa farasi, kwa hiyo usiukate kama wa farasi. Halafu akakata kidogo tu, akapitisha tupa, akasimama.

"Mbona hujamaliza?" nikauliza.

"Umechukua mwaka mzima kupinda. Nikiunyoosha leo, kesho hatembei. Nitarudi baada ya wiki sita."

Koko alikuwa kwenye kigoda chake, kimya muda wote. Ndipo akasema, bila kumwangalia yeyote: "Baba yangu alikuwa hivyo hivyo."

Nikamuuliza hivyo vipi.

"Katambuga zake. Ya kushoto ilikuwa inaisha nje. Kila mara nje. Vidole viwili alivipoteza alipobebeshwa mizigo ya Wazungu, akatembea upande mpaka anakufa. Nyonga ilimuuma sana. Sisi watoto tulikuwa tunamwigiza anavyotembea."

Nimekua nikisikia habari nyingi za babu huyo: mifugo yake, hasira zake, wake zake. Hiyo sikuwahi kuisikia. Pengine hakuna aliyewahi kumwuliza koko kuhusu miguu. Nilitaka kurekodi papo hapo, nikatoa simu. Akanikatiza: kwanza maji. Siku hiyo Fuso alipumzika, na madumu tuliyabeba mimi na binamu zangu. Kilima kile ni kirefu kuliko nilivyodhani.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2022 unaonyesha kwamba punda alianza kufugwa Afrika Mashariki, karibu miaka 7,000 iliyopita. Ni muda mrefu wa kubebewa mizigo na mnyama ambaye bado tunamwita mkaidi. Methali ile inasimulia teke. Haisemi ukwato ulikuwa na hali gani siku hiyo.

Sura ya tatu ya tasnifu nimeianza upya. Inaanza na katambuga iliyolika upande wa nje.

Kijana alirudi Februari kama alivyoahidi, nami nilikuwa nimekuja kwa siku mbili. Fuso alikuwa anatua sawasawa, na madumu yamepunguzwa kuwa mawili. Kijana aliinua mguu, akakata, akapitisha tupa, akauachia. Alipogeuka kuchukua begi lake, Fuso akampiga teke la paja.

Koko alicheka mpaka akashika ukuta. "Amepona," akasema.