Kijiji Kilipoingia Darasani

Anayesafiri kati ya Korogwe na Handeni huchoka kuhesabu majina yanayoanza na Kwa: Kwamdulu, Kwamkono, Kwachaga, Kwamatuku. Kwa Wazigua, wenyeji wa huko, jina la mahali aghalabu hukwambia umefika kwa nani. Majina mawili ya aina hiyo, Kwamsisi ya Handeni na Kwalukonge ya Korogwe, yamo katika historia ya elimu ya Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, walimu wa shule za msingi za huko walipewa kazi ambayo hakuna aliyekuwa amewafundisha: kufundisha kana kwamba shule na kijiji ni kitu kimoja.

Haikuwa mara ya kwanza kwa mwalimu wa sehemu hizi kubebeshwa kazi mbili. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walifungua kituo cha Magila, upande wa Muheza, mwaka 1868. Vijana wa Kibondei walipelekwa Kiungani, Unguja, wakarudi wakiwa walimu. Baadaye misheni ikasogea Korogwe, halafu Kideleko huko Handeni. Mwalimu wa misheni alifundisha herufi siku za kazi, na Jumapili huyo huyo akawaongoza watu katika sala. Wajerumani nao, walioanzisha shule ya serikali Tanga mwaka 1892, walikuwa na haja yao: makarani, maakida, wakalimani, na walimu wa kwenda kufungua shule ndogo bara. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902 na mashamba ya mkonge yakatanda, kujua kusoma kukawa njia ya kulikimbia panga la mkonge. Mtoto aliyefaulu aliondoka. Wazazi walilijua hilo, na wengi walimpeleka mtoto shule kwa sababu hiyo hiyo.

Mwalimu Nyerere, ambaye naye aliwahi kushika chaki Tabora na Pugu, ndiye aliyeigeuza hesabu hiyo. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, alitaja tarakimu ya kutisha: kati ya watoto 100 wa shule ya msingi, 13 tu ndio wangepata nafasi ya sekondari. Kwa hiyo shule nzima ilikuwa ikiendeshwa kwa ajili ya wachache watakaoondoka, na waliobaki walirudi nyumbani wakijiona wameshindwa. Alitaka elimu ya msingi ijitosheleze. Waraka ulisomwa nchi nzima, na shule nyingi ziliutekeleza kwa njia iliyokuwa rahisi zaidi: zililima shamba la shule, watoto wakashika majembe, kisha wakarudi darasani kukariri yale yale ya zamani.

Chuo cha Ualimu Korogwe ndicho kilichojaribu kwenda mbali zaidi. Wakufunzi wake, wakisaidiwa na mpango wa MTUU uliounganisha Tanzania, UNICEF na UNESCO, waliichagua Kwamsisi, kijiji cha ujamaa, iwe shule ya jamii. Masomo yalipangwa kufuata maisha ya kijiji, na mwalimu akatakiwa ajue kijiji kinapanga kupanda nini, lini na wapi. Mafundi na wazee waliojua kazi zao nao walihesabiwa kuwa watu wa kufundisha. Watu wazima walisoma hapo hapo, kwani ilikuwa miaka ya kampeni ya kisomo, na mwalimu aliyefundisha watoto asubuhi aliwakuta baba zao darasani jioni.

Somo la namna hiyo likoje? Chukua mahindi. Mistari iachane sentimita 75, shimo na shimo sentimita 30. Kila shimo lina eneo lake, na ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Mtoto akigawa vizuri anapata mashimo karibu 18,000, halafu aulizwe mbegu ni kilo ngapi, na kijiji chenye ekari 40 kitahitaji magunia mangapi. Hapo kuna kuzidisha, kugawanya, eneo na desimali, na jibu likikosewa baba yake ndiye atakayepungukiwa na mbegu. Kuandaa somo hilo ni kazi ngumu kuliko kuandika ubaoni hesabu za kitabuni. Mwalimu lazima atembee shambani na kamba, na awe tayari kusahihishwa na mkulima asiyejua kusoma.

Ugumu mwingine ulikuwa nje ya uwezo wa mwalimu. Mtihani wa darasa la saba ulibaki, na sekondari iliendelea kuchagua wachache. Mzazi mwenye mtoto anayeng'ara alikuwa na haki ya kuuliza kama mambo ya kijiji yangemfikisha mwanawe kidato cha kwanza. Mara nyingi swali hilo hutajwa kama ukaidi wa wanakijiji. Kwa kweli walikuwa wamesoma vizuri jinsi nchi ilivyokuwa ikigawa riziki.

Halafu ikaja haraka. Novemba 1974, Azimio la Musoma lilitaka kila mtoto aanze shule ifikapo 1977, na walimu hawakuwepo. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, zaidi ya 45,000 nchi nzima, ikawaingiza darasani moja kwa moja. Walifundisha huku wakisoma kwa posta na redio, wakisimamiwa katani, na mwishoni wakaenda chuoni kwa wiki chache. Takriban 38,000 walifuzu. Mtaani waliitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, na watani wakazifumbua herufi hizo kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Utani ule uliwaumiza watu ambao, pale kijijini, mara nyingi ndio waliowafundisha wadogo zao kusoma. Ila kwa mfumo kama wa Kwamsisi ulikuwa wakati mbaya: kijana wa miaka 17 mwenye watoto wengi darasani hushika kitabu kwanza, kijiji baadaye.

Baadaye haraka ile ikarudi: ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza 2002, madarasa yakafurika tena, na walimu wakaandaliwa kwa mwaka mmoja chuoni na mwingine kazini. Hata hivyo kijiji bado huingia darasani, ingawa kidogo. Mwanachuo anayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hubeba andalio la somo lenye safu zake: hatua, muda, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi. Kuna pia nafasi ya zana. Kwa darasa la kwanza, hapo mara nyingi huandikwa visoda, vijiti na punje za mahindi, na jioni kabla ya kipindi watoto huambiwa kila mmoja aje nazo kutoka kwao.