Mpiganaji, mtumishi, msomi, mwizi: kazi za watu katika mchezo wa Dungeons & Dragons

Kijana akifungua mchezo wa vita na maajabu kwenye simu, mara nyingi anaulizwa kwanza swali hili: unataka kuwa nani? Kuna mwenye panga, kuna mwenye kuponya, kuna mwenye kurusha moto, kuna mwenye kupita kimya kimya. Orodha ile haikuanguka toka mbinguni. Sehemu kubwa yake ilitoka katika mchezo mmoja wa Marekani, Dungeons & Dragons, ulioanza kuuzwa mwaka 1974. Leo tunaeleza kazi hizo ni zipi, kila moja inadaiwa nini na jamii, na ni nani waliokatazwa kuzifanya.

Ni mchezo gani?

Walioutunga ni wawili: Gary Gygax, wa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, na Dave Arneson, wa jimbo jirani la Minnesota. Mbele ya pale, watu kama wao walikuwa wanacheza vita kwa sanamu ndogo za askari, na mchezaji mmoja anaongoza jeshi zima. Arneson na wenzake wakageuza mambo: kila mchezaji aongoze mtu mmoja tu, mwenye jina lake, mwenye kuogopa kufa. Kunako mwaka 1974 ulitoka ndani ya kisanduku chenye vitabu vitatu vidogo. Mara ya kwanza walichapisha visanduku 1.000.

Kuucheza hakuombi umeme. Watu wanakaa kwenye meza na karatasi, kalamu na dadu. Mmoja anaongoza mchezo: yeye anasimulia mahali mlipo na nini kinawakuta. Wengine wanasema watu wao wanafanya nini. Pale jambo haliko hakika, dadu inaamua. Ni hivi:

— Muko mbele ya mulango wa chuma. Mutafanya nini?
— Miye nitauvunja.
— Ngoja kwanza! Pengine iko na mutego. Niache niangalie.
— Sawa. Tupa dadu.

Katika mistari hiyo minne umekwisha kuona kazi mbili: mpiganaji anataka kuvunja, mwizi anataka kuchunguza.

Neno klasi

Wachezaji wanaita kazi hizo klasi. Hapa klasi si chumba cha masomo, tena haielezi nani ni tajiri na nani ni maskini. Ni ufundi uliojifunza, ule watu wanakutegemea kwa ajili yake. Klasi iko tofauti na ngazi, yaani uzoefu wako: mpiganaji wa ngazi ya 1 ni kijana aliyetoka nyumbani jana, wa ngazi ya 9 ni mtu anayejulikana katika inchi. Tena iko tofauti na asili. Ndani ya dunia hiyo ya kuwaza kuna binadamu, kuna elfi wenye kuishi miaka mingi, kuna watu wafupi wenye kuchimba madini chini ya milima, na wengine.

Kazi nne za msingi

Mpiganaji. Anajua silaha zote na anavaa mavazi ya chuma. Kazi yake ni kusimama mbele.

Mtumishi wa mungu. Anaponya majeraha na anafukuza wafu wenye kutembea. Katika sheria za zamani alikatazwa silaha zenye makali, alibeba rungu. Klasi hii ilizaliwa kwenye meza ya Arneson: mchezaji mmoja alikuwa anaongoza mfu mnyonya-damu, akapata nguvu kupita wote, na wenzake wakatafuta mtu wa kumzuia.

Msomi wa uchawi. Nguvu yake inatoka katika kitabu. Asubuhi anasoma maneno yake, mchana anayatumia, na yakiisha amebaki mtu wa kawaida mwenye kisu. Hatusemi "mulozi" makusudi. Kwetu neno hilo limekwisha kuua wazee, zaidi wamama, na halina kitu cha kufanya na huyu mwenye kushinda juu ya vitabu.

Mwizi. Hakuwa katika kisanduku cha kwanza. Wazo lilitoka kwa wachezaji wa California, na klasi ikaingia katika kitabu cha nyongeza mwaka 1975. Anafungua kufuli, anaona mitego, anapanda kuta.

Juu ya nini wanahitajiana? Angalia sheria za mwaka 1978. Kila ngazi, mchezaji anatupa dadu kupata alama za uhai. Mpiganaji anatupa dadu ya pande 10, mtumishi ya pande 8, mwizi ya pande 6, msomi ya pande 4. Kwa hiyo msomi wa ngazi ya 1 anaweza kufa kwa pigo moja la fimbo, lakini akilindwa mpaka akue, anaweza kumaliza kundi zima la maadui kwa neno moja. Mpiganaji anamlinda leo juu kesho atalindwa naye. Ni kama ekipe ya mupira: washambuliaji kumi na mmoja bila golikipa hawafiki mbali.

Zile zilizofuata

Klasi ziliongezeka haraka. Mwaka 1975 aliingia paladini, askari wa kiapo, na mtawa mwenye kupigana kwa mikono mitupu. Mwaka huo huo alitokea mfuata-nyayo, mwenye kujua pori. Mwaka 1976 wakaja druidi, mlinzi wa miti na wanyama, na mwimbaji wa visa, ambaye wimbo wake unaongeza moyo kwa wenzake. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kina klasi 12. Ndani yake kuna watatu wenye uchawi ambao watu wanawachanganya: msomi aliyejifunza, mwingine aliyezaliwa nao katika damu, na wa tatu aliyefanya mapatano na kiumbe chenye nguvu. Watatu wanarusha moto ule ule. Tofauti yao ni swali moja: nguvu hiyo uliitoa wapi, na nani atakuja kukudai?

Kazi na deni lake kwa jamii

Hapa ndipo sheria za mwaka 1978 zinafurahisha kusoma. Mpiganaji akifika ngazi ya 9, anaweza kusafisha eneo, kufukuza viumbe vibaya, kujenga ngome na kuwa bwana wa mahali. Wakaaji wakija kukaa chini ya ulinzi wake, anapata vipande 7 vya fedha kwa kila mtu kila mwezi, toka kodi na biashara. Mtumishi wa mungu mwenye kujenga ngome ya dini anapata vipande 9, juu sadaka ya fungu la kumi imo. Msomi wa uchawi, ambaye anangoja mpaka ngazi ya 12, anapata 5 tu. Yaani watunzi walifikiri hata nani raia atakubali kumlipa, na kwa kiasi gani. Na wote watatu wana sharti moja: usalama kwanza, kodi kisha.

Klasi zingine zinalipa zaidi kuliko zinavyopata. Paladini wa mwaka 1978 alitakiwa kutoa sehemu moja ya kumi ya mapato yake yote, na hakuruhusiwa kuwa na vitu vya maajabu zaidi ya 10. Akifanya uovu kwa kujua, alipoteza hali yake ya upaladini milele. Akabaki mpiganaji wa kawaida. Mfuata-nyayo hakuruhusiwa kumiliki mali kuliko ile anaweza kubeba yeye na farasi wake. Kwa druidi, vyeo vya juu vilihesabiwa: juu kabisa alikaa mmoja tu, na mwenye kutaka nafasi lazima apigane na yule anayeishika. Kwa hiyo nguvu kubwa ilikuwa na kamba shingoni.

Nani alikatazwa?

Tusifiche upande mbaya. Katika sheria zile za 1978, asili yako ilifunga njia. Binadamu peke yake ndiye aliweza kuwa paladini. Watu wafupi wa chini ya milima hawakuweza kuwa wasomi wa uchawi. Wengine waliruhusiwa kuanza kazi, lakini wakifika ngazi fulani wanasimamishwa hata wakifanya vizuri namna gani, wakati binadamu anaendelea kupanda. Kazi moja iliyofunguka bila mwisho karibu kwa wote wasio binadamu ilikuwa wizi. Mtu mwenye kufikiri kidogo atauliza: inchi yenye kufungia watu milango yote isipokuwa ule wa wizi, itashangaa nini kisha?

Wamama nao waliguswa. Kitabu kiliweka mpaka wa nguvu za mwili kwa mwanamke, chini ya ule wa mwanaume. Mpaka huo uliondoka katika toleo la 1989. Lile la asili lilingoja zaidi: kunako mwaka 2000, kampuni Wizards of the Coast, ambayo ilinunua mchezo mwaka 1997, ilitoa toleo la tatu, na tangu pale asili yoyote inaweza kufanya kazi yoyote mpaka juu. Katika vitabu vya mwaka 2024, hata neno la Kiingereza lililotumika kwa asili, lile la kugawa binadamu kwa rangi, liliondolewa.

Tena kulikuwa na makatazo toka inje. Miaka ya 1980, wazazi na wahubiri wengine wa Marekani walisema mchezo unafundisha watoto ushetani. Toleo la 1989 likaondoa majina ya mashetani, na likatoa pia klasi ya muuaji wa kukodiwa.

Kiongozi ni nani?

Mwaka 2008 toleo la nne lilipanga klasi zote katika kazi nne ndani ya kikundi. Wa kwanza ni mlinzi, mwenye kupokea mapigo. Wa pili ni mshambuliaji, mwenye kuangusha adui mmoja mmoja. Wa tatu ni mtawala wa uwanja, mwenye kuzuia kundi la maadui. Wa nne waliita kiongozi.

Wengi wakisikia kiongozi wanafikiri ni yule mwenye kuamuru. Hapana. Katika kitabu kile, kiongozi ni yule anayeponya wenzake, anayewatia moyo, anayefanya pigo la mwingine liwe na nguvu zaidi. Kusema kwa niaba ya kikundi inaweza kuwa kazi ya mtu yeyote. Mtumishi wa mungu aliwekwa hapo. Ukitaka kujua kama kikundi kina kiongozi mzuri, hesabu wangapi wamebaki wamesimama mwisho wa vita.

Kwa mwenye kutaka kujaribu

Kikundi cha watu wanne ao watano kinatosha: mmoja anaongoza mchezo, wengine wanachagua klasi. Sheria za msingi zinapatikana bure kwenye intaneti, kwa Kiingereza na pia kwa Kifaransa. Dadu zikikosekana, andikeni namba 1 mpaka 20 kwenye vipande vya karatasi, mviweke ndani ya kofia na kuchagua bila kuangalia. Mbele ya kuanza, kila mmoja aseme kwa sauti vitu viwili: nini anaweza kuwafanyia wenzake, na nini hawezi bila wao. Kikundi kinachoruka hatua hiyo, mara nyingi kinakufa kwenye mlango wa kwanza.